Kaseti ya Agosti, Upande wa Pili

Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke
12 Juni 2024

Mjomba wangu Alfonsi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba Hamida, na kwamba nyani wamekuachieni walau mihogo ya kula. Mama anakusalimu sana. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini akishapata chai anatembea mpaka kanisani na kurudi, na njiani anagombana na kila anayemwaga maji machafu barabarani. Kwa hiyo ujue ni mzima.

Nakuandikia kwa sababu simu na wewe haziwezekani tena. Mara ya mwisho nilikupigia kukwambia nimefaulu mtihani, ukanipa pole. Patasi na nyundo zimekula masikio yako, na mie sina kifua cha kupiga kelele mpaka Kimbiji. Marselino, yule mfanyabiashara anayenunua mihogo huko kwenu na kuiuza soko la Temeke, amekubali kuwa posta yetu.

Sasa shida yangu. Nimefika mwaka wa mwisho wa masomo ya habari na lazima niandike utafiti. Nimechagua matangazo ya vifo ya redio, yale ya "anasikitika kutangaza". Nataka kuonyesha jinsi yalivyokuwa yakiikusanya familia nzima ndani ya nusu dakika. Tatizo ni kuyapata. Kanda nyingi za zamani, nimeambiwa, zilirekodiwa vitu vingine juu yake. Mwalimu wetu, Dokta Tupokigwe, alitugawia karatasi yenye anwani za mtandaoni ambako mtu asiye na kitu kama mimi anaweza kufanya utafiti: maktaba za bure, magazeti ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, hazina za picha, hazina za sauti. Sharti lake ni moja. Usitumie kitu usichojua kimetoka wapi, na neno la mtu mmoja halitoshi.

Basi humo nimekuta maajabu. Kuna mwanafunzi wa kigeni aliyepanga chumba Kinondoni mwaka 1999, akawa anarekodi redio mezani kwake ili ajifunze Kiswahili. Kaseti zake thelathini na nane zimewekwa mtandaoni, ruksa kwa yeyote kusikiliza na kutumia, mradi ataje zilikotoka. Nyuma ya sauti ya mtangazaji unasikia sufuria na kuku. Naenda kwa Gladness, rafiki yangu wa Kinyerezi mwenye intaneti ya nyumbani, nazipakua mbili tatu kwa siku.

Mama anasema tangazo la baba ulilipeleka wewe redioni, mwaka huohuo wa 1999, nilipokuwa na mwaka mmoja. Je, unakumbuka uliandika nini? Na karatasi ulimpa nani? Ningependa kulitaja kwenye utangulizi, kwa heshima yake.

Mpwa wako,
Noela


Kimbiji
3 Julai 2024

Mpwa wangu Noela,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imekaa wiki mbili chini ya gunia la Marselino, ikanifikia inanuka mihogo. Sie wazima. Hamida anakusalimu, anasema utakapokuja umletee kanga ya maneno makali, ana jirani anataka kumjibu. Nyani wapo, na mwaka huu wana adabu mbaya kuliko binadamu. Kazi ya mikono imepungua. Tangu Pasaka nimechonga kinyago kimoja tu, na hicho pua imekaa upande.

Nimefurahi kwamba unasoma. Ila utafiti wa vifo! Msichana mzuri kama wewe uliyeuza vocha juani miaka mitano ili uingie chuo, unaingia ndani unakwenda kukaa na marehemu. Kwa nini usiandike matangazo ya sabuni? Yale yalikuwa na nyimbo, na watu watacheka. Mwalimu akicheka anatoa maksi.

La baba yako sikumbuki niliandika nini. Niliandika kama watu walivyokuwa wakiandika. Karatasi nilimpa karani dirishani, akasoma, akagonga muhuri, nikaondoka. Ni miaka mingi, na mtu aliyelala umwache alale.

Msalimie dada yangu. Usimsumbue na mambo ya kaseti, moyo wake si wa chuma.

Mjomba wako,
Alfonsi


Mtoni kwa Azizi Ali
20 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sie hatujambo. Mama amepunguza chumvi kama alivyoagizwa hospitali, na sasa nyumba nzima tunakula mboga isiyo na ladha kwa kumuunga mkono. Kanga ya mkaza mjomba nimeiona Temeke, maneno yake yatamlaza jirani na viatu.

Nimelipata.

Lipo kaseti ya ishirini na moja, upande wa pili, na juu ya kaseti mtu ameandika kwa mkono: 17 Agosti 1999. Nilikuwa nimeketi sakafuni kwa Gladness na visikizio masikioni. Ninanakili nilivyosikia: "Ndugu Alfonsi Namkoko wa Mwenge, Dar es Salaam, anasikitika kutangaza kifo cha shemeji yake, Stephano Likanda, kilichotokea baharini akiwa safarini nje ya nchi. Habari ziwafikie mke wa marehemu, Eufrazia, aliyeko Mtoni. Mama mzazi wa marehemu aliyeko Newala. Na ndugu na jamaa wote popote walipo." Kisha sufuria ikaanguka jikoni kwa yule mwanafunzi, na mtangazaji akaendelea na marehemu mwingine.

Nililia, sikufichi. Sijawahi kusikia jina la baba likitamkwa na mtu asiyetufahamu. Na jambo moja sikulijua: kwamba "habari ziwafikie" ilimhusu mama kweli. Nilimuuliza kwa ujanja. Anasema alikuwa anakaanga samaki, redio ya jirani ikamwambia amekuwa mjane. Mjomba, ulikaa Mwenge, si ng'ambo. Kwa nini hukuja kwanza?

Lakini hilo silo lililonikosesha usingizi. Nilitaka picha ya wachongaji ya kuweka mbele ya utafiti, kwa ajili yako na ya baba. Nikaingia kwenye hazina ambayo wapiga picha wenyewe wameruhusu kazi zao zitumike bila malipo, nikaandika "Makonde". Zikaja picha mia mbili na kitu. Ya mia na arobaini inaonyesha mwanamume amekaa chini, gogo amelibana kwa nyayo, tezo iko mkono wa kushoto. Pembeni yake kuna vigoda vitatu, na kila kimoja kina chale tatu ukingoni, kama kigoda anachokalia mama akichambua mchele. Mama husema baba alikuwa wa mkono wa kushoto, na kwamba zile chale hakuwa akizikata mtu mwingine.

Hazina inasema picha ilipigwa mwaka 2003. Baba alikufa mwaka 1999.

Nimeichapisha, ndiyo hiyo humu ndani. Maelezo ya chini nimeyakata kwa makusudi, nataka uangalie uso kwanza, bila kuambiwa kitu. Wewe ulichonga naye miaka sita kabla hajahamia kazi za bandarini Kurasini. Mama sijamwonyesha. Niambie tu, mjomba: ni baba au si baba?

Noela


Kimbiji
28 Agosti 2024

Noela,

Sie wazima. Hamida ana mafua.

Nimeiangalia picha. Si yeye. Tena nakushangaa, mtu wa chuo kubabaishwa na picha ya mtandaoni. Watoto wa hapa Kimbiji wamenionyesha picha ya samaki papa amekaa kwenye pikipiki. Siku hizi picha zinatengenezwa, kila mtu anajua, isipokuwa walimu wenu. Na hata kama ni ya kweli, chale tatu ni nini? Mtu anaona kazi ya mwenzake anaiga. Huko Durban wamejaa Wamakonde, kila wa pili anachonga, na wa mkono wa kushoto hawakosekani.

Baba yako alizamia meli kama vijana wengi wa Kurasini wakati ule. Meli ilipofika mbali wenye meli waliwakuta wamejificha, wakawatupa baharini. Mabaharia walileta habari. Tulikaa matanga, tukafanya arobaini, mama yako alivaa nguo nyeusi mwaka mzima. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Nakukataza kumwonyesha mama yako karatasi hiyo. Nakukataza mimi, mjomba wako, na unajua kwa watu wetu neno la mjomba lina uzito gani. Andika sabuni.

Alfonsi


Mtoni kwa Azizi Ali
5 Septemba 2024

Mjomba Alfonsi,

Shikamoo. Mpe pole mkaza mjomba. Mama hajambo, jana ameanza kusema habari za Novemba.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko kitabu chochote cha chuo. Nina swali moja. Nani amekutajia Durban?

Mimi sikuitaja. Tangazo linasema "baharini". Maelezo ya picha niliyakata kwa mkasi, ninayo hapa: "Mchongaji kutoka Tanzania, ufukweni, Durban, 2003". Karatasi uliyoipata wewe ina mtu, gogo, vigoda na mchanga, basi.

Na kuhusu picha kutengenezwa, nimefanya kazi uliyodhani siwezi kuifanya. Kuna hazina nyingine ya bure ambayo kazi yake ni kutunza nakala za kurasa za mtandaoni kama zilivyokuwa zamani. Nimeutafuta humo ukurasa wa picha ile. Nakala ya kwanza ilitunzwa mwezi wa pili 2005, na mtu wangu yupo, na gogo lake. Mwaka huo hakuna aliyekuwa akitengeneza picha za kuongopa kwa namna unayosema. Faili la picha lenyewe limebeba tarehe ndani yake: 9 Novemba 2003. Nimepata na barua pepe ya mpiga picha. Amenijibu, ni mzee sasa. Anamkumbuka. Anasema walimwita Stephano, alikuwa mcheshi, na baada ya miaka kadhaa hakumwona tena pale ufukweni. Wengine walisema amehamia upande wa Msumbiji.

Dokta Tupokigwe alitaka nisitegemee neno la mtu mmoja. Basi sasa ninayo mengi. Ninayo kaseti inayosema alikufa, picha inayosema hakufa, mpiga picha, chale tatu, na wewe. Wewe ndiye pekee unayejua na hutaki kusema.

Sikiliza, mjomba. Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba mama anaandika bahasha ya marehemu wetu ya kupeleka kanisani kwa ajili ya misa ya tarehe mbili Novemba. Jina la kwanza ni la baba. Analiandika pole pole, kwa kalamu ya wino, na siku hiyo hataki kelele ndani ya nyumba. Miaka ishirini na tano. Mtu wa Mbagala alikuja kumposa nikiwa darasa la pili, mama akamwambia bado ana mume, ila yuko mbinguni. Nilimsikia kwa masikio yangu. Ninaona uchungu nikikumbuka, na ninakuonea hasira, nalisema wazi.

Ukinijibu ukweli kabla hajaandika bahasha ya mwaka huu, nitamwambia kwa maneno utakayochagua wewe. Usiponijibu, nitampa picha, na atachagua maneno mwenyewe.

Noela


Kimbiji
6 Oktoba 2024

Mwanangu Noela,

Marahaba. Mafua ya Hamida yameisha. Amenisomea barua yako yeye, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayakai kwenye mstari. Alipomaliza alikwenda kulala kwa dada yake siku mbili.

Ni baba yako.

Nilipopeleka tangazo sikuwa mwongo. Hilo liamini. Baharia mmoja aliniapia Kurasini kwamba wazamiaji wanne walitupwa, na Stephano alikuwa mmojawao. Nilipanda kwenda Mtoni kumwambia dada yangu. Nilifika mpaka kwenye kona ya kwenu, nikamwona amesimama mlangoni amekubeba, anacheka na jirani. Miguu ikakataa. Nikageuka nikaenda redioni. Nilijiambia redio itamwambia vizuri kuliko mimi.

Machi mwaka uliofuata, baharia mwingine akaniletea barua. Mwandiko wa Stephano, ule wa kulalia nyuma. Hakutupwa, alishuka Durban usiku na wenzake wawili. Alikuwa na mwanamke huko na mtoto njiani. Aliandika: mwambie Eufrazia asinisubiri.

Nikaenda tena redioni, kwa dirisha lilelile na karani yuleyule. Nikamuuliza, mtu aliyetangazwa amekufa, kumbe hajafa, fomu yake ni ipi? Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, mzee, hiyo hatuna, kwetu watu wanaenda upande mmoja tu. Nilirudi Mwenge kwa miguu. Njiani nikafikiri hivi: dada yangu ni mjane, watu wanampisha njia, padri anamtembelea, mawifi wanamheshimu. Nikipeleka barua hii, kesho ni mwanamke aliyeachwa, na kila kisima atakachokwenda watanyamaza akifika. Nikaona bora awe na mume aliyekufa kuliko mume aliyemtupa. Sikumuuliza. Nilimwamulia kama mtu anavyochagua gogo.

Yule mtu wa Mbagala sikuwahi kumsikia. Ungeniambia mapema. Hapana, nasema ujinga, ungeniambiaje.

Barua ya Stephano ninayo. Ilikuwa chini ya patasi kwenye sanduku langu la kazi, nimeiweka humu pamoja na hii. Ni yenu.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kwamba watu wanaweka sauti mtandaoni na zinakaa, na yeyote anasikia bure. Basi hapo hakuna karani. Nimemwomba Marselino anirekodi kwa simu yake nikiwa nimekaa mlangoni kwangu, na nimesoma karatasi hii kwa sauti yote niliyonayo: "Alfonsi Namkoko wa Kimbiji, Kigamboni, anasikitika kutangaza kwamba Stephano Likanda, aliyetangazwa kufariki mwezi Agosti mwaka 1999, hakufariki. Aliyetangaza alikosea, na alipojua kwamba amekosea alinyamaza miaka ishirini na minne. Habari ziwafikie Eufrazia aliyeko Mtoni. Binti yake Noela. Na Stephano mwenyewe, popote alipo." Liweke kwenye hazina hiyo, karibu na lile la kwanza. Na kabla hujaliweka, mpe dada yangu asikie. Mimi sitaweza kumwambia usoni. Marselino anasema sauti imetoka vizuri, ila kuna jogoo.

Mjomba wako, kama bado unaniita hivyo,
Alfonsi


Mtoni kwa Azizi Ali
29 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Bado nakuita hivyo.

Barua ya baba nimeisoma peke yangu kwanza. Ni fupi kuliko nilivyotaka. Mimi sijatajwa, na nimegundua kwamba nilikuwa nikitegemea kutajwa. Nimemwandikia tena mpiga picha, na watu wa chama cha wachongaji huko, hakuna aliyemwona miaka mingi. Kwa hiyo sijui kama nina baba. Najua tu kwamba hakufa siku uliyosema.

Mama nilimwambia Jumapili baada ya misa. Nilimpa vyote kwa mpangilio wa tarehe kama Dokta Tupokigwe anavyotaka: nikampigia kaseti ya Agosti, nikamwonyesha picha, nikamsomea barua ya baba, mwisho nikampigia sauti yako. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda. Mikono alikuwa nayo ndani ya ungo wa mchele na hakuitoa. Kwenye picha alisema tu, "Amenenepa." Kwenye barua ya baba vidole vyake viliendelea kuchambua.

Ilipofika sauti yako alinitaka niirudie. Alisikiliza mpaka jogoo. Kisha akasema, nakuandikia maneno yake yenyewe: "Mara ya kwanza alinitumia redio. Mara hii ananitumia simu. Kwani huyu mtoto wa mama yangu hana miguu?"

Nikamwambia unaogopa. Akasema naye aliogopa, usiku ule alipokuwa na mtoto mgongoni na samaki wakaungua. Baadaye alilia, mjomba, si kwa sauti, na hakutaka nimshike.

Leo asubuhi ameandika bahasha. Nilikaa jikoni kimya kama tunavyokaa kila mwaka. Alipotoka kuanika nguo nikaiangalia. Jina la baba halimo. Bibi wa Newala yupo, babu yupo, na mstari wa kwanza, pale pale alipokuwa akimwandika baba, kwa wino uleule, ameandika: Alfonsi Namkoko.

Nilimfuata uani nikamwambia, mama, mjomba yu hai. Akasema, "Nani kakwambia? Mimi simwoni."

Anakwenda kuipeleka kanisani Ijumaa, kabla ya misa ya jioni. Sauti yako sijaiweka mtandaoni, na nimeamua sitaiweka kwanza. Hakuna hazina itakayokutangaza kwa mama. Marselino atakuletea barua hii kesho, anarudi mjini Alhamisi alfajiri, nimekwishamwambia akuwekee nafasi mbele, juu ya magunia. Kwenye kona usigeuke. Mlango tutauacha wazi, na mama atakuwa amekaa anatazama barabara.

Mpwa wako,
Noela